Mutumwa katika vitabu vya hadithi: alilia tu, ao alikataa?

Somo la Kiswahili na Historia kwa klasi za juu



Siku moja tulikuwa tunasoma mu klasi habari ya biashara ya watumwa. Nilipomaliza kueleza, kijana mumoja akanyanyua mukono, akasema hivi: «Mwalimu, miye naona bankambo yetu balikuwaka boga. Balibafunga kamba, nabo bakatembea tu sawa mbuzi. Juu ya nini batu mingi vile baliogopa batu kidogo?» Klasi yote ikacheka. Mimi sikucheka, maana ulizo lilikuwa la kweli, na jibu sikuwa nalo tayari mukononi.

Kengele ilipolia, binti mumoja akabakia. Alingoja wenzake watoke inje, kisha akauliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mu lupangu yetu, wakati ya kugombana, banaambiaka mama yangu: weye, nkambo yako balimuuzaka, hauna na sauti hapa. Ni kweli mutu wa vile hana na sauti?»

Mumoja aliuliza kwa kuchekesha, mwengine aliuliza kwa uchungu. Nilipofika nyumbani nikawaza sana, nikaona kama maulizo haya mawili yana muzizi mumoja: sisi wote tumesikia hadithi ya mutumwa kwa upande wa yule aliyemufunga ao wa yule aliyemufungua. Kwa upande wa mutumwa mwenyewe tumesikia kidogo sana. Njo maana ninaandika somo hili. Tutaangalia vitabu vya hadithi, tutavilinganisha na historia, kisha tutarudi ku yale maulizo mawili.

1. NANI ANASHIKA KALAMU?

Tuanze na picha, maana mbele ya kusoma vitabu, watu wa muji wetu walisoma historia ku ukuta. Mu miaka ya 1970, hapa Lubumbashi, wachoraji walikuwa wanauza picha za kutundika mu saloni. Kulikuwa mamba muntu, kulikuwa picha ya Colonie Belge yenye mufungwa anayepigwa fimbo, na kulikuwa vilevile picha za Waarabu wakipeleka watumwa. Muchoraji mumoja wa muji huu, Tshibumba Kanda Matulu, alichora mu miaka ya 1973 na 1974 historia yote ya inchi yetu, picha karibu 100, na akaieleza kwa Kiswahili cha hapa. Maelezo yake yalitoka mu kitabu mwaka wa 1996. Yeye mwenyewe alisema kama kazi yake ni kuwaza historia na kuionyesha, hapana kupamba tu.

Sasa fikiri picha ya watumwa gisi tunavyoizoea: mustari wa watu, kongwa ku shingo, pembe za tembo ku mabega, pembeni mutu mwenye kanzu na bunduki. Vichwa vimeinama. Picha hiyo haisemi uongo, mambo yale yalitendeka. Lakini ni picha ya saa moja tu ya siku. Haionyeshi usiku, wakati mumoja anatafuna kamba. Haionyeshi mwanamke anayehesabu mito wanayovuka, kusudi ajue njia ya kurudi. Mutoto akiangalia picha hiyo kila siku, mwishoni atasema sawa yule kijana wetu: balitembea tu sawa mbuzi.

Kwa hiyo, neno la kwanza la somo: ukisoma hadithi yoyote ya utumwa, uliza kwanza ni nani aliyeshika kalamu, na alikuwa anasimama wapi wakati wa kuandika.

2. VITABU VITATU

Kitabu cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934. Wengi wanakihesabu kati ya vitabu vya kwanza vya hadithi ndefu vilivyoandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili. Mbotela alikuwa mutoto wa watu waliokombolewa. Alikulia Freretown, karibu na Mombasa, muji wa watumwa waliofunguliwa, ambao wamisionere wa Church Missionary Society walianzisha kisha Sultani Barghash kukubali, tarehe 5 mwezi wa sita 1873, kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mu kitabu chake watu wanakamatwa mu vijiji vya bara, wanapelekwa pwani kwa mateso mengi, wanatiwa mu chombo, kisha manuari ya Waingereza inawaokoa ku bahari.

Ni kitabu kizuri, na kila mukristo atafurahi kukisoma. Lakini angalia nani anatenda. Muarabu anakamata. Mwingereza anafungua. Mutumwa anakamatwa, anateswa, anafunguliwa, anashukuru. Vitendo vyake vyote ni vya kutendewa! Ninyi munaojua sarufi muangalie hii: kuna hadithi nzima zinazoandikwa kwa kauli ya kutendewa. Hatumulaumu Mbotela. Aliandika wakati Waingereza wanatawala, na wazazi wake walikombolewa kweli ku bahari. Lakini ni upande mumoja wa jambo.

Kitabu cha pili ni Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, cha mwaka wa 1978. Wanaopenda Kifaransa wanaweza kukitafuta kwa jina la Les Girofliers de Zanzibar. Hapa hatuko tena mu wakati wa minyororo. Mu Zanzibar utumwa ulikatazwa kwa sheria mwaka wa 1897, na hadithi inafika mpaka mapinduzi ya tarehe 12 mwezi wa kwanza 1964. Lakini mu nyumba ya Fuad kuna mwanamke anayetumika toka zamani, jina lake Kijakazi. Wanaojua Kiswahili cha pwani wanajua: kijakazi ni mutumwa mwanamke. Sheria imebadilika, jina limebaki. Na mama huyu anamupenda bwana wake na kumuogopa pamoja, hata wakati wenzake wa shamba wanaanza kukutana kwa siri. Mwandishi anatuonyesha kitu cha nguvu kusema: kamba ingine haiko ku mukono, iko mu kichwa. Kuikata hiyo kunaomba wakati murefu.

Kitabu cha tatu ni cha Abdulrazak Gurnah, muzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2021. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994 kwa jina la Paradise, na mwaka wa 2022 Ida Hadjivayanis alikitafsiri kwa Kiswahili: Peponi. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa mufanya biashara Aziz, juu ya deni. Anaambiwa amuite «ami», yaani baba mudogo, lakini kumbe yeye ni rehani. Aziz anamupeleka mu msafara mpaka bara, mbali sana, upande wetu huu wa maziwa makubwa. Mu nyumba ya Aziz kuna muzee mumoja, Hamdani, anayetunza bustani. Yeye ni mutumwa wa zamani, na bibi yake alimuambia: sasa unaweza kwenda huru. Muzee akakataa, akabaki na bustani yake. Yusuf anashangaa, anamuuliza sababu. Jibu la muzee, nikilieleza kwa maneno yangu, ni hili: uhuru haukuwa mali ya yule bibi, sasa angeweza namna gani kunizawadia? Waliweza kufunga mwili, lakini kile cha ndani walikuwa hawakukinunua.

Wanafunzi, hapo tunaweza kubishana siku nzima. Wengine watasema: huyu muzee hakuasi, alibaki tu na kazi ileile. Wengine watasema: hakuna uasi mukubwa kupita huu. Mimi mwenyewe ninawaza kama mwandishi alitaka tubishane.

3. HISTORIA INASEMA NINI?

Hadithi ni kazi ya mawazo. Sasa tuulize historia: kweli watumwa walikataa? Ndiyo, na tena tangu zamani sana.

Mwaka wa 869, mu inchi ya Iraki ya kusini, karibu na muji wa Basra, watumwa waliokuwa wanaondoa udongo wa chumvi mu mabwawa walisimama. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani yetu ya mashariki. Kiongozi wao alikuwa Ali bin Muhammad. Mwaka wa 871 waliingia Basra kwa nguvu, wakajenga muji wao Al-Mukhtara, na vita iliendelea mpaka mwaka wa 883. Miaka 14! Serkali kubwa ya Baghdad ilitumia majeshi mengi mbele ya kuwashinda.

Kule ng'ambo ya Atlantiki, watumwa wa Haiti walisimama mwaka wa 1791, na mwaka wa 1804 walitangaza inchi yao huru. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika, na sehemu kubwa ilitoka upande wa Kongo. Wazee waliosoma mu miaka ya 1960 wanakumbuka kama walimu wengi wa Haiti walikuja kufundisha mu masomo ya inchi yetu. Wajukuu wa waliopelekwa kwa minyororo walirudia na vitabu.

Ku pwani ya Kenya watumwa waliotoroka waliitwa watoro, na walijenga vijiji vyao. Kimoja kilikuwa Fuladoyo, mu bara ya nyuma ya Mombasa. Kiongozi wake alikuwa mukristo Mwafrika, David Koi. Watoro walikimbilia pale, wakalima, wakasali. Mwaka wa 1883 kijiji kilishambuliwa na Koi akauawa. Kule Rabai, mu misioni ya waprotestanti iliyokuwa inaongozwa na William Jones, mwenyewe mutumwa aliyekombolewa, watoro waliingia mpaka wakapita elfu moja. Mabwana wao walikuja kuwadai kwa kelele kubwa. Mwishoni, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1889, watoro walipewa barua za uhuru, kisha kampuni ya Waingereza kukubali kulipa mabwana. Sasa rudi ku kitabu cha Mbotela, usome tena. Karibu na Freretown kulikuwa watu wengi ambao hakuna manuari iliyowakomboa. Walijikomboa kwanza kwa miguu yao, misioni ikafungua mulango nyuma.

4. HAPA KWETU

Wengine watasema: hayo ni mambo ya pwani. Basi, tuje Katanga.

Munajua habari ya Msiri, aliyetoka upande wa Tanzania ya leo na kusimika utawala wake ku Bunkeya. Aliuza pembe, shaba, chumvi, na watu. Misafara ilikwenda magaribi mpaka Benguela na mashariki mpaka pwani, ikarudi na bunduki na baruti na vitambaa. Mumisionere wetu wa kwanza, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya mu mwezi wa pili 1886, akakuta watumwa wakiuzwa mbele ya macho yake. Mu mwaka wa 1891 Wasanga, wenyeji wa inchi, walikuwa mu uasi juu ya Msiri. Utawala wake ulikwisha kulegea wakati Kapiteni Bodson, mutu wa msafara wa Stairs, alipomuua kwa risasi tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi na kufa. Mu masomo tunajifunza jina la Bodson. Juu ya uasi wa Wasanga tunasoma musitari mumoja tu.

Lakini ninataka kuwaambia zaidi habari ya mwanamke mumoja, Bwanikwa. Alikuwa Muluba. Aliingia mu utumwa akiwa bado kijana, na aliuzwa na kupitishwa toka bwana mumoja mpaka bwana mwengine, mara kumi kwa hesabu yake. Mumisionere Dugald Campbell, aliyefanya kazi mu inchi hii ya Katanga na Mweru, aliandika maisha yake. Bwanikwa hakuchoma muji, hakuua mutu. Alikimbia alipoweza, alivumilia alipokosa njia. Mwishoni alikuwa muke wa mutu, lakini muke aliyehesabiwa bado sawa mutumwa wa bwana wake. Akatumika kwa mikono yake, akatafuta mali, akamulipa mume wake bei ya kichwa chake, kusudi abaki mu ile nyumba sawa muke, hapana sawa kitu. Muwaze vizuri: mume aleale, nyumba ileile, lakini sasa alikaa pale kwa kupenda kwake.

Yeye hayuko mu picha za saloni, na bado hajawa na kitabu cha hadithi kwa Kiswahili. Labda mumoja wenu atakiandika.

5. JUU YA NINI «BATU MINGI» HAWAKUSHINDA «BATU KIDOGO»?

Sasa tumujibu yule kijana. Alifikiri kama watu 200 wenye kufungwa wangeweza kushinda walinzi 20. Mbele ya kucheka, tuhesabu mambo ine.

(a) Kijiji kilichomwa usiku. Wale walioweza kupigana walikufa kwanza. Wengi waliobaki mu mustari walikuwa wanawake na watoto. Nani atakimbia na kuacha mutoto wake mu kongwa?

(b) Watu walichanganywa. Mutu wa kabila hili alifungwa pembeni ya mutu wa kabila lingine. Kupanga siri kunaomba luga moja.

(c) Kukimbia ni rahisi, kufika ni nguvu. Mutu aliyetoroka ku siku ya kumi hakujua njia. Kijiji cha kwanza alichofikia kingeweza kumukamata na kumuuza tena. Njo maana Bwanikwa aliuzwa mara nyingi vile.

(d) Njaa. Mutu asiyekula siku tatu hana nguvu ya kukimbia.

Ukijua hayo ine, utaona kama jambo la kushangaza ni kinyume cha lile alilouliza kijana. Ni ajabu gani watu waliofungwa vile walikataa bado! Na walikataa kwa njia nyingi: kusimama kwa silaha sawa Zanj na Wahaiti, kutoroka sawa watoro wa Fuladoyo, kutumika polepole na kuvunja jembe kwa «bahati mbaya», kujilipia bei, kuita mutoto kwa siri jina la nkambo wake. Hadithi nzuri inajua njia zote hizi, hapana moja tu.

6. UONGO MBILI WA KUCHUNGA

Wanaoandika hadithi ya utumwa wanaangukaka mu shimo mbili.

Shimo la kwanza ni kufanya watumwa wote kuwa kondoo. Tumeisha kulisema.

Shimo la pili ni kuwafanya wote kuwa simba na malaika. Historia haikubali. Wale Zanj, walipopata nguvu, walikamata nao watu wa Basra na kuwatia mu utumwa. Kwetu Kongo, Ngongo Lutete, ambaye inasemwa alikuwa mutumwa wakati wa ujana, alikuwa nyuma mukamata-watu mukubwa, mpaka watu wa Leopold wakamuua mwaka wa 1893. Askari wengi wa Force Publique walioasi Luluabourg mwaka wa 1895 walikuwa watu wake. Wazungu waliwaita askari, lakini wengi walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu sawa watumwa. Vita yao ilifika mpaka mu Katanga, na wa mwisho waliweka silaha chini mwaka wa 1908 tu. Walipigana na utawala mubaya, lakini vijiji walivyopita viliwalilia vilevile. Na tena tuseme wazi: waliouza bankambo yetu kwa misafara, wengine walikuwa bankambo yetu. Mwandishi anayeficha hayo anatupenda kwa uongo.

Mufano wa ng'ambo: mwaka wa 1831, kule Virginia mu Marekani, mutumwa Nat Turner, muhubiri, aliongoza uasi. Watu weupe zaidi ya 50 waliuawa, kisha watu weusi wengi wakauawa kwa kisasi, na Turner akatundikwa. Mwaka wa 1967 mwandishi mweupe William Styron aliandika hadithi ndefu, akijifanya ni Turner anayesema. Ilipewa zawadi kubwa. Lakini mwaka wa 1968 waandishi weusi kumi walitoa kitabu cha kumujibu, wakisema: huyu si Turner wetu, ni Turner wa woga wako. Hapo munaona kama kubishana juu ya hadithi si mambo ya bure. Mwenye kuandika anaweza kumuua mutu mara ya pili.

7. NENO LA MUNGU

Wengine wanauliza: mukristo anaweza kusoma habari za uasi? Fungua Kutoka mulango wa kwanza. Mbele ya Musa kuzaliwa, wazalishaji wawili, Shifra na Pua, walikataa amri ya Farao ya kuua watoto wanaume. Hawakushika fimbo. Walidanganya serkali, watoto wakapona. Biblia inachunga majina yao, lakini jina la Farao haikulichunga. Kisha soma barua kwa Filemoni. Mabwana wa zamani waliipenda sana, juu Paulo anarudisha Onesimo aliyetoroka. Lakini waliacha kusoma mpaka mwisho: anarudishwa sawa ndugu, sawa Paulo mwenyewe, na deni lake Paulo analichukua juu yake. Bwana akimupokea mutu vile, utumwa unabaki wapi?

8. JIBU

Kwa kijana wetu: bankambo yako hawakuwa mbuzi. Walikuwa watu waliofungwa. Wengine walianguka ku njia, wengine walitoroka, wengine walivumilia kusudi watoto wabaki, na weye unakaa leo mu banki ya klasi kwa sababu mumoja wao hakukubali kufa.

Kwa binti wetu: mama, aliyeuzwa hakutenda kosa, kosa ni la muuzaji. Wale wanaotupa neno lile mu lupangu wanafikiri wanamukumbusha mama yako haya yake. Kumbe wanakumbusha haya ya jamaa iliyonunua. Nkambo aliyefika mu kijiji cha wageni peke yake, bila baba, bila mujomba, bila mutu wa kumusemea, akazaa, akalea, akaacha jamaa nyuma yake: huyo alikuwa na nguvu kuliko wengi wenye ndugu. Ukipata nafasi, kaa karibu na wazee wa mama yako, uwaulize jina lake. Usiulize bei yake. Uliza jina, na alikuwa anajua kufanya nini. Na mutu mwenye nkambo wa vile ana sauti, sawa yeyote aliyekaa ku mukeka.

MAULIZO

1. Chagua kurasa mbili za kitabu chochote juu ya utumwa. Andika mu kaye vitendo vyote vya watumwa. Vingapi ni vya kutenda? Vingapi ni vya kutendewa? Unaona nini?

2. Muzee Hamdani alikuwa mutu huru ao hapana? Eleza sababu tatu.

3. Juu ya nini watoro wa Rabai walichagua kukimbilia misioni? Misioni ilikuwa na hatari gani kwa kuwapokea?

4. Linganisha Shifra na Pua na Bwanikwa.

KAZI YA NYUMBANI

Andika hadithi ya kurasa mbili: usiku mumoja wa mutumwa mumoja, ku njia ya Bunkeya. Uchunge sheria tatu. Mambo ya historia (mwaka, muji, njia, mali) yawe ya kweli. Mutumwa wako awe na jina, na kitu kimoja anachojua kufanya vizuri. Na mu ukurasa wa pili afanye jambo moja la kukataa, hata likiwa dogo sana. Usimufanye kondoo, usimufanye simba.

Hadithi mbili za kwanza tutazipiga ku stensili na kuzitia mu gazeti letu linalofuata. Anayeogopa kuweka jina lake anaweza kuliacha. Lakini jina la nkambo, tafazali, liandike.

Mwalimu wenu wa Kiswahili, Katuba